Bunduki Yenye Leseni na Amri ya Hakimu

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumzie bunduki. Si bunduki ya askari aliye lindoni, wala ya jambazi anayevizia magari usiku. Tuzungumzie ile inayokaa ndani ya nyumba, imefungiwa kabatini, ina leseni halali, na mwenye nayo ni raia anayeheshimiwa mtaani kwake. Siku moja raia huyo anapelekwa mahakamani na mkewe. Hakimu anasikiliza pande zote mbili, anaridhika kwamba mama yule yumo hatarini, na anatoa amri: bwana asimsogelee wala asimsumbue. Bwana anaikunja karatasi ya amri, anaitia mfukoni na kwenda zake. Bunduki iko palepale kabatini. Je, aendelee kuwa nayo?

Swali hili liliwashughulisha mahakimu wa Marekani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipolitolea uamuzi tarehe 21 Juni, 2024. Huenda mtu wa Majengo au Kiboriloni akauliza: ya Marekani yatuhusu nini sisi watu wa Moshi? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, majaji wale walilitafuta jibu katika historia, na sehemu ya historia waliyoifukua ni sheria ya zamani ya Kiingereza ambayo nasi tuliirithi, na ambayo ingali imo katika vitabu vyetu. Pili, mlima wetu una historia yake ya watu kunyang'anywa bunduki, na historia hiyo inatufundisha ni wakati gani jambo hilo ni dhuluma na ni wakati gani ni haki.

Tuanze na kesi yenyewe. Katiba ya Marekani, katika badiliko lake la pili la mwaka 1791, inataja haki ya wananchi ya kuwa na silaha. Kwa muda mrefu watu walibishana kama haki hiyo ni ya mgambo wa kulinda nchi au ni ya kila mtu nyumbani kwake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema ni ya kila mtu. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaenda mbele zaidi. Ikasema kwamba sheria yoyote inayobana haki hiyo haitahesabiwa kuwa halali mpaka serikali ionyeshe kuwa inalingana na desturi za nchi hiyo za kudhibiti silaha tangu enzi za waasisi. Maana yake ni kwamba mawakili na mahakimu walipaswa kuwa wanahistoria, wakapekua vitabu vya karne ya 18 kutafuta babu zao walifanya nini.

Sasa, tangu mwaka 1994 Marekani ilikuwa na sheria inayomkataza mtu aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake asiwe na bunduki kwa muda wote wa amri hiyo. Sheria hii ilikwisha kujaribiwa hapo nyuma. Mwaka 1999 hakimu mmoja wa jimbo la Texas aliifuta kesi ya daktari aliyeshitakiwa kwa kukaa na bastola ilhali mahakama ilikuwa imempa amri ya namna hiyo katika shauri la talaka. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaurudisha uamuzi ule nyuma. Ikakubali kwamba mtu binafsi ana haki ya silaha, lakini ikasema haki hiyo yaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa mke na mtoto.

Akaja mtu mwingine wa Texas, Zackey Rahimi. Mwezi Desemba 2019 alimshambulia mama wa mtoto wake kwenye uwanja wa kuegesha magari, akamburuta na kumsukumia ndani ya gari, na alipoona kuna mpita njia aliyeshuhudia, akafyatua risasi. Februari 2020 mahakama ikatoa amri ya kumlinda mwanamke huyo kwa miaka miwili na kusimamisha leseni ya bastola ya Rahimi. Hakutii. Aliendelea kumfuatafuata, akamtishia mwanamke mwingine kwa bunduki, na kati ya Desemba 2020 na Januari 2021 akahusishwa na matukio matano ya kupiga risasi hadharani. Polisi walipoipekua nyumba yake walikuta bastola, bunduki, risasi, na nakala ya ile amri ya mahakama. Karatasi na bunduki vilikuwa vikiishi nyumba moja, ndugu zangu, na karatasi haikuizuia bunduki kufanya lolote.

Rahimi alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Lakini baada ya uamuzi ule wa 2022, mahakama ya rufani ilimpa ushindi Februari 2023. Haikusema kwamba ni mtu mwema. Ilisema tu kwamba waasisi wa Marekani hawakuwa na sheria ya kumnyang'anya bunduki mume anayempiga mkewe, na kwa hiyo sheria ya 1994 haina babu. Kwa lugha nyepesi, kwa kuwa watu wa zamani hawakuwajali wanawake, watu wa leo nao wamefungwa mikono.

Mahakama ya Juu ikaukataa uamuzi huo kwa majaji 8 dhidi ya 1. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba historia haitafutiwi pacha, inatafutiwa kanuni. Si lazima sheria ya leo ifanane na ya zamani kama mapacha. Inatosha itoke kwenye wazo lile lile. Naye akayataja mawazo mawili ya zamani. La kwanza ni sheria zilizowaadhibu watu waliotembea na silaha ili kuwatisha wenzao, ambazo mizizi yake inafika hadi sheria ya Northampton ya Uingereza ya mwaka 1328. La pili ni sheria za dhamana ya kutunza amani. Hapa ndipo tusikilize kwa makini.

Chini ya utaratibu wa dhamana, mtu mwenye hofu ya kweli kwamba fulani atamdhuru alikwenda kwa hakimu na kuapa. Hakimu alimwita fulani, akamsikiliza, na akiridhika alimtaka aweke dhamana, pengine na wadhamini, kwamba atakaa kwa amani. Akivunja ahadi, dhamana inaliwa. Akikataa kuiweka, anaingia gerezani. Haikuwa adhabu ya kosa lililokwisha kutendwa. Ilikuwa kinga ya kosa lisitendwe. Waandishi wa sheria wa Uingereza wa karne ya 18 walieleza wazi kwamba hata mke aliweza kuitaka dhamana hiyo dhidi ya mumewe. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts mwaka 1836 lilitunga sheria iliyomruhusu mwenye hofu kumlalamikia mtu anayetembea na silaha za hatari, na mlalamikiwa akatakiwa kuweka dhamana kwa muda usiozidi miezi sita. Majaji waliyaunganisha mambo hayo mawili wakasema: mtu ambaye mahakama imethibitisha kuwa ni tishio la kweli kwa maisha ya mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda, bila Katiba kuvunjwa.

Jaji mmoja, Clarence Thomas, alipinga. Alisema kumtaka mtu aweke dhamana ni jambo moja, na kumnyang'anya silaha kabisa ni jambo jingine zito zaidi. Hoja yake si ya kuchekwa, kwani anayekubali kirahisi kwamba serikali imnyang'anye jirani yake kitu, kesho huenda akanyang'anywa yeye. Na sisi wa Kilimanjaro tungekuwa watu wa mwisho kuicheka, kwa sababu mlima huu ulikwisha kuonja kunyang'anywa silaha kwa namna mbaya kabisa.

Katika karne ya 19 bunduki zilipanda Kilimanjaro pamoja na misafara ya pwani. Wafanyabiashara walileta bunduki na baruti, wakarudi na pembe za ndovu na watumwa. Mangi aliyekuwa na bunduki nyingi ndiye aliyesikika. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alijulikana hadi Zanzibar na Ulaya kwa ujanja wake wa kuwatumia wageni na bidhaa zao. Mangi Sina wa Kibosho alijenga ngome ya mawe na jeshi lililoogopwa mlima mzima. Wakati huo bunduki haikuwa mali ya mtu wa kawaida katika kihamba chake; ilikuwa mkono wa Mangi. Na mwanamke wa kihamba hakuulizwa lolote kuhusu bunduki hizo, ijapokuwa yeye na watoto wake ndio waliotekwa vita vilipowaka.

Kisha mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels, na mwaka 1890 yakatia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiuziwe Waafrika ovyo, wakaachiwa zile kuukuu za gumegume. Neno lililotajwa lilikuwa kukomesha utumwa, na utumwa ulistahili kukomeshwa. Lakini mataifa yaliyotia saini ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakiligawana bara, na askari wao walibeba bunduki zile zile za kisasa walizowakataza wengine.

Februari 1891 Wissmann alimshambulia Sina huko Kibosho akamshinda. Juni 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliyarudisha nyuma majeshi ya Wajerumani, na afisa wao von Bülow akauawa. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi wakiongozwa na von Schele, wakamshinda Meli. Tangu hapo bunduki kwenye mlima zilikuwa za serikali na za wale iliowaamini. Tarehe 2 Machi, 1900, Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Walituhumiwa kula njama dhidi ya utawala, na tuhuma hizo zilikolezwa na fitina za watawala waliokuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe. Hapakuwa na mahakama huru ya kupima nani anasema kweli na nani anamsingizia mwenzake.

Tuliweke hilo akilini. Mlima huu unajua maana ya watu wote kunyang'anywa silaha kwa sababu tu ya walivyo. Unajua pia maana ya mtu kuangamizwa kwa neno la hasidi wake. Hata Marekani wana doa kama hilo: zamani majimbo yao yaliwakataza watumwa, watu weusi walio huru na wenyeji wa asili wasiwe na bunduki, na leo mahakimu wao wanaona haya kuzitumia sheria hizo kama mfano. Kwa hiyo tofauti tunayoitafuta iko wazi. Kuna kuwanyang'anya watu silaha kwa kabila, rangi au kwa kushindwa vita. Na kuna kumnyang'anya mtu mmoja, kwa jina lake, baada ya kusikilizwa, kwa ushahidi, kwa muda maalumu, kwa sababu maisha ya mtu mwingine yananing'inia. La kwanza ni dhuluma hata likivikwa nguo ya sheria. La pili ni kazi halali ya mahakama.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mpango wa leseni. Mkulima aliyesumbuliwa na nguruwe mwitu, nyani au tembo aliweza kuomba ruhusa ya gobore la kulinda shamba. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mpango wa leseni ulibaki. Mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria mpya ya silaha na risasi, na mwaka 2015 ikaja nyingine iliyochukua nafasi yake. Katika sheria zote hizo wazo ni moja: hapa kwetu bunduki si haki ya kuzaliwa nayo. Ni ruhusa. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi, maombi yakapanda ngazi hadi polisi, nao huangalia kama ni mtu wa kuaminiwa. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhai katika ibara ya 14 na mali katika ibara ya 24, lakini hakuna ibara inayompa mtu haki ya kuwa na bastola.

Kwa hiyo Mtanzania hana haja ya kupitia njia ndefu aliyopitia Mmarekani. Hata hivyo asidhani kwamba serikali yaweza kufanya itakavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msingi katika kesi mbili mashuhuri. Ya kwanza ni ile ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, iliyohusu dhamana ya mshitakiwa. Ya pili ni ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyohusu ruhusa ya kuishitaki serikali. Mahakama ilisema kwamba haki za mtu mmoja hazina budi kwenda sambamba na haki za jamii. Lakini sheria inayozibana haizingatiwi kuwa halali kama ni ya kuonea, kama haina njia ya kumlinda mtu dhidi ya maamuzi ya kiholela, au kama inabana kupita kiasi kinachohitajika. Ukiutazama msingi huo, utaona unafanana sana na alichokifanya Jaji Roberts miaka 30 baadaye: tishio lithibitishwe, mtu asikilizwe, na zuio liwe la muda.

Sasa tuifungue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinasema bila kuuma maneno kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kwa mwaka ule, lilikuwa neno la kishujaa, na wapo waume waliolipokea kwa kicheko cha kilabuni. Sheria hiyo hiyo inaipa mahakama uwezo, shauri la ndoa likiendelea au baada ya hukumu ya kutengana au talaka, kumwamuru mtu aache kumlazimisha mwenzake kukaa naye na aache kumbughudhi. Hiyo ndiyo amri yetu ya zuio. Imo katika sheria kwa zaidi ya miaka 50.

Tuifungue pia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Humo utakuta vifungu vinavyompa hakimu uwezo wa kumwita mtu ambaye inaelezwa kwa kiapo kwamba ana dalili ya kuvunja amani, na kumtaka aweke dhamana ya kutunza amani. Ndugu wasikilizaji, hiki ndicho kile kile kilichowaokoa wanawake wa Marekani mwaka 2024. Kilitoka Uingereza kikaenda Amerika, na kwa njia nyingine kikaenda India, kikaja kwetu na watawala wa Kiingereza. Washington walilazimika kukifukua katika makabati ya historia. Sisi tunacho kwenye rafu ya hakimu wa wilaya, hai na halali, lakini ni wanawake wangapi wa Uru au Rombo waliowahi kuambiwa kwamba kipo?

Upungufu wetu basi ni wa namna nyingine. Kifungu cha Sheria ya Ndoa hakitaji silaha. Vifungu vya dhamana ya amani havikuandikwa kwa ajili ya kabati la bunduki. Sheria ya silaha nayo inasimamiwa na polisi kwa jalada lake. Kwa hiyo yawezekana kabisa mwanamke akapata amri mahakamani asubuhi, na mchana wa siku hiyo ofisi inayotunza orodha ya leseni isijue lolote. Jalada la ndoa liko kwa karani wa mahakama. Jalada la bunduki liko polisi. Majengo yote mawili yako Moshi mjini, lakini majalada yenyewe hayasalimiani.

Wengine watasema jambo hili ni la Kizungu, na kwamba ugomvi wa mume na mke humalizwa na wazee. Nakubali kwamba Wachaga wana hekima yao. Aliyekosa akipeleka jani la isale kwa aliyemkosea, ni vigumu kwa aliyekosewa kukataa kusamehe. Ni desturi nzuri, na imeponya vihamba vingi. Baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata nalo lina kazi yake, na sheria yenyewe inataka mashauri ya talaka yapitie huko kwanza. Lakini isale ni dawa ya kosa lililopita. Haina uwezo juu ya risasi ya kesho. Mzee anayesuluhisha ugomvi wa nyumba yenye bunduki bila kuuliza bunduki iko wapi, huyo amefagia ua na kumwacha nyoka ndani.

Tena ugomvi wenyewe si hadithi. Uchunguzi uliofanywa mjini Moshi miaka ya 2002 na 2003 kwa wanawake zaidi ya 1,400, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba takriban mmoja katika kila watano alikuwa ametendewa ukatili na mwenzi wake ndani ya mwaka mmoja. Sehemu kubwa kabisa ya ukatili huo ni wa ngumi, fimbo na matusi, wala si wa bunduki, kwa sababu wenye bunduki ni wachache. Lakini panapokuwa na bunduki, ugomvi ule ule ambao ungeishia kwa jino kung'oka unaishia kaburini. Mwezi Mei 2022 nchi nzima ilishituka mwanamke mmoja alipouawa Mwanza kwa kupigwa risasi na mumewe. Watu walihuzunika, magazeti yakaandika, kisha tukasahau.

Wapo pia wenye bunduki ambao hofu yao ni ya haki. Mfanyabiashara wa Moshi anayesafiri na fedha, mnunuzi wa madini, mwenye maduka, hawa wanajua ujambazi ni nini. Wanauliza: je, mke mwenye hila hawezi kunisingizia ili ninyang'anywe kinga yangu na maadui zangu wanimalize? Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika historia tuliyoipitia. Meli alikufa kwa tuhuma ambazo hakuna hakimu huru aliyezipima. Kwa hiyo tuhuma zipimwe. Mlalamikaji aape na aulizwe maswali. Mlalamikiwa aitwe na asikilizwe. Hakimu aandike sababu zake. Muda wa zuio utajwe, na njia ya rufani iwepo. Ikionekana tuhuma ni za uongo, silaha irudishwe, na mwongo ashitakiwe kwa kiapo cha uongo. Lakini hofu ya kusingiziwa haiwezi kuwa sababu ya kumwacha aliyethibitika kuwa hatari alale na bastola chini ya mto.

Wenzetu barani wamekwisha kutangulia. Afrika Kusini, katika sheria yake ya ukatili wa majumbani ya mwaka 1998, iliielekeza mahakama iamuru silaha ichukuliwe pale inapoonekana mlalamikiwa ametishia kuua au kujeruhi. Sheria yao ya silaha ya mwaka 2000 ikaongeza kwamba mtu aliyepewa amri ya mwisho ya kumlinda mwenzake anaweza kutangazwa kuwa hafai kumiliki bunduki. Uganda walitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Sisi Bara tumeendelea kuegemea zaidi Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na sheria za jinai.

Mambo matatu yanawezekana hata kabla Bunge halijakaa. La kwanza, hakimu anapotoa amri ya zuio au anapodai dhamana ya amani, aulize swali moja tu: je, una silaha? Jibu liandikwe, na nakala ya amri ipelekwe polisi siku hiyo hiyo. La pili, ofisi inayotoa na kuhuisha leseni imuulize mkuu wa Dawati la Jinsia kama jina la mwombaji limewahi kufika mezani kwake. La tatu, wajumbe wa mabaraza ya kata na viongozi wa mitaa, ambao ndio wa kwanza kuombwa maoni juu ya mwombaji wa bunduki, wakumbuke kwamba tabia njema ya mtu haipimwi kwa anavyowasalimia kanisani, msikitini na sokoni peke yake. Hupimwa pia kwa anavyoishi na waliomo ndani ya nyumba yake. Mjumbe anayejua kwamba bwana fulani humpiga mkewe kila mwisho wa mwezi, kisha akaandika kwamba ni raia mwema anayefaa kupewa bastola, huyo naye atakuwa ameishika bastola hiyo siku itakapolia.

Kisha, Bunge likipata nafasi, liandike sentensi moja katika sheria: amri ya mahakama ya kumlinda mtu isimamishe leseni ya silaha ya mlalamikiwa mpaka amri hiyo itakapokwisha. Marekani, nchi yenye bunduki nyingi na Katiba inayozitetea, imekubali sentensi hiyo kwa majaji 8 dhidi ya 1. Sisi ambao Katiba yetu haimpi mtu haki ya bunduki, ila inamlinda uhai wake, tunachelewa kwa sababu gani? Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mwanamke aliyethubutu kupanda ngazi za mahakama akapewa karatasi ya kumlinda, asiachiwe karatasi peke yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.